Dokta wa Ilomba na Moyo wa Mdogo Wangu

Watu wa mtaa wetu wanamsifu mpaka leo. Ukisimama kwenye foleni ya maji hapa Ilomba hukosi mwanamke wa kusema, "Angekuwepo Dokta, asingeniacha nikohoe hivi." Mimi hunyamaza, nikasukuma ndoo yangu mbele. Sasa nimenyamaza vya kutosha. Mtu akihama mtaa, wenye midomo laini wanampaka sukari, na baada ya miaka michache utasikia alikuwa malaika. Huyu hakuwa malaika. Nilimjua miaka kumi na minane, duka lake lilitazamana na geti langu, na ninayo ya kusema. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wake ulimshinda hata mwenyewe, ukimrudishia bahasha ya dawa alikuuliza, "Hapa nilikuandikia nini, mama?"

Kwanza, hakuwa daktari. Alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali moja kubwa, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, kutoka chumba cha upasuaji kurudi wodini. Ni kazi halali. Angesema, "Mimi nilisukuma vitanda," ningemheshimu na ningemuuliza habari za vitanda. Yeye akafungua duka la dawa lenye mlango wa kijani, karibu na mashine ya kukoboa mahindi, akavaa koti jeupe, na mtu wa kwanza alipomwita Dokta hakukataa. Wa pili pia hakumkataa. Basi ikawa Dokta, hata mchungaji alimwita hivyo.

Koti lile nalo. Vumbi la pumba kutoka mashineni lilimfikia kutwa nzima, kwa hiyo asubuhi lilikuwa jeupe na jioni lilikuwa kama la muuza unga. Shingoni alining'iniza kile kipimo cha kusikilizia moyo. Sikio moja lilikuwa limekatika kipira, akakunja kipande cha kitambaa akachomeka hapo. Alisikiliza mioyo ya watu kwa sikio moja, jicho moja amefumba, na watu wazima na akili zao wakakaa kimya wakimsubiri.

Lakini alichokipenda hasa ni mapigo ya mkononi. Ukienda kununua dawa ya minyoo, alikushika mkono. Ukienda kuomba chenji, alikushika mkono. Vidole viwili hapa chini ya kidole gumba, macho kwenye saa ya ukutani, mdomo unahesabu bila sauti. Alikuwa na msemo wake: "Moyo hauna siri kwangu." Aliusema kwa kila mtu, hata kwa watoto wanaonyonya.

Sasa ile saa. Mshale wake wa sekunde ulikuwa unakwenda vizuri mpaka ukifika kwenye nane. Hapo unakwama. Unatetemeka, unatetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu unaruka unaendelea. Kwa hiyo dakika ya Dokta ilikuwa ndefu kuliko dakika ya watu wengine, na kila aliyehesabiwa humo alionekana moyo wake unakimbia. Mtaa mzima tukawa wagonjwa wa mapigo.

Siku moja alinishika na mimi. Nilikuwa natoka sokoni na debe la viazi kichwani, nimepanda kile kilima.

"Mama Neema," akasema, "moyo wako unakimbia. Mia na kumi."

"Nimepanda kilima na debe la viazi. Ulitaka ulale?"

"Hapana, mama, huu sio wa kilima. Huu una hofu ndani."

"Na saa yako imekwama."

Akaigeukia, akaitazama kwa upole kama anatazama mtoto wake. "Haijakwama. Inapumzika."

Nilichukua mkono wangu nikaenda zangu. Nimezaa sita, nina wajukuu kumi na wanne, mmoja anasomea uuguzi na kati ya waliobaki hakuna aliyefeli darasa la saba. Sikuwa tayari kuambiwa habari za moyo wangu na mshale unaopumzika.

Tuseme ukweli, kilichompa jina ni mwalimu wa kwaya. Mtu huyu alikuwa na sauti nzuri na mikono mibaya. Akisimama mbele ya watu mikono ilimtetemeka mpaka kwaya haikujua ianze lini. Kabla ya mashindano ya kwaya, Dokta akampa kidonge kidogo cha propranolol ameze saa moja kabla. Mwalimu akasimama, mikono imetulia kama ya seremala. Wakashinda. Waliporudi waliimba kuanzia stendi mpaka kwenye mlango wa kijani, na mwalimu akasema kwa sauti, "Moyo wangu ulikuwa kimya kama maji ya mtungi!" Nilikuwepo, niliona. Na nitasema, hapo Dokta hakukosea.

Ila hapo ndipo alipoharibika. Kuanzia siku ile kila mwenye hofu alikuwa mgonjwa wake. Msichana ana mtihani, kidonge. Mwanamume anakwenda kuposa, kidonge. Na mbeba viazi mmoja, kijana mwenye pumu tangu utotoni, alikwenda kulalamika moyo unamdunda baada ya kugombana na tajiri yake, akapewa kidonge kilekile. Hata saa moja haikupita. Kifua kikafunga. Tulimkuta ameshika nguzo ya umeme, shingo imetoka mishipa, anapumua kwa mlio wa filimbi, tukamtupia kwenye bajaji. Hospitalini waliuliza amemeza nini. Walisema dawa inayoutuliza moyo inaweza kuifunga njia ya pumzi ya mwenye pumu, na kwamba swali la kwanza kabla ya kuitoa ni hilo: una pumu? Swali la maneno mawili. Kijana alipona. Nilipomuuliza Dokta kwa nini hakuuliza, alinijibu huku anapanga makopo, "Hakuniambia."

Hakuniambia! Mtu ana vidole vinavyosoma siri za moyo, lakini pumu asubiri kuambiwa.

Alikuwa na mkasi mkubwa wa fundi nguo. Dawa zikija kwenye boksi, anatoa vidonge, anakata vipande vya viwili viwili, vitatu vitatu. Kile kikaratasi kirefu kilichokunjwa ndani ya boksi, chenye maandishi madogo, alikitupa kwenye ndoo. Nilimuuliza kuna nini kimeandikwa. Akasema, "Vitisho vya wenye kiwanda. Ukimsomea mgonjwa hivyo, hamezi." Halafu anakunja bahasha yake kwa karatasi ya daftari, anachora mistari: miwili asubuhi, miwili jioni. Kwa kila dawa, asubuhi na jioni, kama vile miili yote inaamka na kulala dukani kwake.

Na bado mtu huyu aliwadharau waganga wa kienyeji! Akimsikia mtu anataja mganga, alicheka mpaka kipimo kikaruka kifuani. "Watu wa kubahatisha," alisema.

Lipo moja ambalo siwezi kulificha, na linanikera kuliko yote. Nyuma ya duka lake alikaa mzee kipofu ambaye watoto wake walikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, hawaji wala hawatumi salamu. Dokta alimwogesha mzee yule kila Jumamosi. Alimchemshia maji, alimkata kucha, alimpaka mafuta miguu ile iliyopasuka, na alifanya hivyo miaka minne mpaka mzee alipofariki. Hakumwambia mtu. Mimi niliona kwa sababu dirisha la jiko langu linatazama huko. Nilitamani nisione, maana mtu ukimdharau unataka umdharau kwa raha.

Sasa nije kwa mdogo wangu Vero.

Vero ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi huko Mgololo. Alipofariki, Vero akaja kukaa nami Ilomba, wajane wawili, kuku tisa. Vero ana presha na moyo wa kukimbia. Hospitalini wakampa atenolol, kimoja kila asubuhi, na akawa mzima kabisa, analima, anafua, ananipinga. Tatizo lake lilikuwa moja: alimwamini Dokta. Hospitalini wanakupima wanakuambia nenda. Dokta alimshika mkono, akamuuliza habari za kuku, akajua majina ya wajukuu wake wote. Vero alikuwa akisema, "Dada, wale wana mashine. Huyu ana mtu."

Basi tulikuwa na posa nyumbani Iringa. Binti wa marehemu kaka yetu anaposwa, na Vero ndiye shangazi mkubwa, mimi nimekwisha mwachia kwa sababu ya magoti yangu. Kwetu shangazi ndiye anayewapokea wakwe. Anapiga magoti, anasema kamwene, ndiyo salamu yetu, anamnawisha mikono mzee wao, na habanduki hapo chini mpaka mzee amemaliza kuitikia na kuuliza habari za ukoo mzima.

Siku moja kabla ya safari, Vero akaenda kuaga mlango wa kijani. Dokta akamshika mkono, akampima presha kwa mpira wake unaovuja hewa, akatikisa kichwa. "Bado iko juu. Utakwenda mbele ya wakwe na presha hii?" Akamwongezea kidonge kingine, cheupe. Kilikuwa prazosin, alikuwa nacho kwa ajili ya wazee wanaosumbuliwa na mkojo, na alikuwa amesikia kwamba kinashusha presha. Hilo ni kweli, kinashusha. Akachora mistari yake kwenye bahasha: asubuhi na jioni, pamoja na ile ya hospitali.

Tukalala Iringa. Asubuhi ya posa Vero akanywa uji, akameza vyote viwili, kile cheupe kwa mara ya kwanza, akajifunga kitenge kipya. Wakwe wakafika. Vero akapiga magoti kwenye mkeka, kamwene, wakaitikia. Akamnawisha mzee wao. Na mzee yule alikuwa na maneno! Aliuliza mahindi, aliuliza ng'ombe, aliuliza mvua, akaanza kueleza walivyopotea njia. Vero chini, kimya, uso mzuri. Alipomaliza, Vero akachukua beseni la maji, akasimama.

Hakufika juu. Niliona macho yake yanageuka kabla magoti hayajanyooka. Akaenda chini kama gunia, beseni likaruka, maji yakamlowesha mzee wa watu kifuani, na paji la uso la mdogo wangu likagonga jiwe la mlangoni. Mkono nao ukavunjika hapa kwenye kifundo.

Hilo halikuniuma kama lililofuata. Tulipokuwa tunamwinua, nikasikia mwanamke mmoja wa upande wao anamwambia mwenzake, "Shangazi amekunywa ulanzi mapema."

Ulanzi! Vero hajawahi kuonja pombe tangu abarikiwe kanisani, hata togwa ikichacha anaimwaga. Nikamgeukia yule mwanamke. "Nusa mdomo wake," nikamwambia. "Njoo, piga magoti hapa unuse, halafu useme tena." Hakuja. Lakini neno lilikwisha toka, na Vero alilisikia, damu inamtiririka usoni.

Posa ilikubaliwa, nashukuru. Tukarudi Ilomba, Vero na hogo la plasta mkononi na kitambaa kichwani. Dokta akaja mwenyewe mpaka ndani, akakaa kwenye kiti changu. Akamshika mkono mzima, akahesabu. Nilikuwa nimemtazama usoni na niliona kitu kimempita, kama mtu aliyekumbuka amesahau moto jikoni. Alijua. Nakuapia alijua. Halafu akafungua mdomo akasema:

"Mama, hizi dawa za hospitali ndizo zilizokuangusha. Atenolol ni kali mno kwa umri wako. Acha zote. Acha hata changu, upumzishe mwili."

Ona ujanja. Chake alikiondoa kimyakimya, lawama akaiweka kwa wengine. Na Vero, aliyeitwa mlevi mbele ya wakwe, akapata wa kumchukia. Akaitupa atenolol chooni mbele yangu.

Siku ya nne moyo wake ukaanza. Alikuwa ameketi uani anachambua mchicha kwa mkono mmoja. Akasema, "Dada, kuna kitu kinakimbia humu." Nikaweka kiganja kifuani mwake. Ilikuwa kama kushika kuku anayetaka kuchinjwa. Jasho linamtoka na hewa ya Mbeya ile ya baridi, na kifua kinabana mpaka kwenye taya. Nikaita bajaji.

Hospitalini tulimkuta daktari binti, mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza. Akanisalimia, "Shikamoo bibi," akasikiliza kwa masikio yote mawili, akauliza maswali kama ishirini. Walipomtuliza Vero, daktari akanivuta pembeni.

"Bibi, ukikanyaga nyoka, moyo unaruka kabla hujasema nyoka. Nani ameuambia?"

"Sijui. Mungu."

Akacheka. "Kuna mishipa ya fahamu isiyokuomba ruhusa. Inaamrisha moyo ukimbie, inaamrisha mishipa ya damu ibane. Atenolol inaziba masikio ya moyo, usisikie amri nyingi. Kile kidonge cheupe kinaziba masikio ya mishipa ya damu, inalegea. Mdogo wako alipokaa magotini muda mrefu kisha akasimama, damu ilibaki chini. Moyo ulitakiwa kukimbia haraka uipandishe kichwani, lakini ulikuwa hausikii. Ndiyo akaanguka. Kidonge kile cha kwanza kinamezwa usiku mtu yuko kitandani, tena kidogo, tena kwa kuandikiwa."

"Na leo?"

"Una mbuzi, bibi?"

"Nilikuwa nao."

"Ukiwafungia siku nyingi halafu ukafungua zizi ghafla?"

"Wanamkanyaga mtu."

"Ndiyo moyo wake leo. Dawa hii haiachwi ghafla. Akiacha tena hivi, sitakuficha, anaweza asifike hapa."

Nilimwelewa. Darasa la nne, lakini nilimwelewa kila neno, kwa sababu alitaka nielewe. Dokta wangu wa mlango wa kijani kwa miaka kumi na minane hakuwahi kunieleza kitu hata kimoja.

Vero akalazwa siku mbili. Tuliporudi nikamwona anatembea upande mmoja, anashika pindo la kitenge. Nikalifungua lile fundo. Vidonge viwili, vimelowa mate, vimekauka. Sista alikuwa anamsimamia, naye alikuwa anavificha shavuni.

"Vero! Unataka nikuzike?"

"Dokta amesema ndizo zilizoniangusha."

"Dokta ni mwongo."

"Wewe hujawahi kumpenda. Yeye mwenyewe akiniambia nimeze, nitameza. Wewe, hapana."

Nikalia, nikatukana, nikamwita mchungaji, nikampigia simu mjukuu wangu wa uuguzi akamsihi kwa saa nzima. Vero akakunja midomo. Ni mdogo wangu, najua ukaidi ule, tumeunyonya titi moja. Nikavuka barabara mpaka mlango wa kijani nikamwambia Dokta aje aseme ukweli. Akaanza kupanga makopo. "Siwezi kuingilia uamuzi wa mgonjwa, Mama Neema." Na mkono wa mdogo wangu kila asubuhi nikiushika ulikuwa unakimbia.

Jumanne nikapanda kwenda hospitalini kumwomba yule daktari binti ushauri. Ilikuwa siku ya kliniki ya presha. Mabenchi yamejaa, wazee wamekumbatia kadi zao. Nikakaa nyuma. Mbele yangu kulikuwa na mtu amevaa koti zito na kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na nje jua lilikuwa kali.

Sista akaita jina. Jina la ubatizo, sijawahi kulisikia, na hapa sitaliandika. Mtu wa kofia akasimama. Alisimama polepole, akashika benchi kwanza, akangoja, ndipo akanyooka. Kumbe alijua namna ya kusimama.

Sista akafungua kadi yake. "Mzee, atenolol unameza kila siku?"

"Kila siku, sista. Mwaka wa sita huu. Sijawahi kuruka hata moja."

Nilisimama. Magoti yangu yalipiga kelele, sikuyasikiliza.

"Rudia!" nikasema. Benchi zima likageuka. "Rudia hayo uliyosema. Hujawahi kuruka hata moja?"

Akanigeukia. Sijawahi kuona uso unaanguka vile, bila koti jeupe, bila kipimo. Mzee tu, mashavu yameingia.

"Mama Neema, tutoke nje tuongee."

"Tuongee hapahapa. Mdogo wangu anakufa kwa neno lako. Ulimwambia atenolol ni sumu ya wazee, na wewe unainywa kama chai. Ulijua ni kile cheupe. Ulijua tangu ulipomshika mkono."

Akavua kofia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ningesema ni changu, nani angeingia dukani tena?"

Hivyo tu. Moyo wa mdogo wangu upande mmoja, mlango wa kijani upande mwingine, na yeye alikwisha pima. Nilitamani kumtemea mate. Sikumtemea kwa sababu nilimhitaji. Nikangoja achukue dawa zake, nikamshika mkono wa koti, nikamleta Ilomba kama mtu anayerudisha mbuzi aliyekula shamba la jirani.

Vero alikuwa uani. Dokta akasimama mbele yake, kofia mkononi. Nikamwambia, "Sema."

"Mama Vero, mimi nameza atenolol. Miaka sita."

Vero akamtazama. "Na kile cheupe?"

Kuku wakapita kati yao.

"Ndicho kilichokuangusha. Nilikupa vibaya. Tena sikukuuliza unakwenda kufanya nini huko."

"Nilikwenda kupiga magoti," Vero akasema. "Wameniita mlevi."

"Nimesikia."

"Ulisikia ukanyamaza."

Nilitegemea Vero alie, au amfukuze, jambo ambalo ningelisaidia kwa ufagio. Badala yake akanyoosha mkono mzima. "Toa kimoja chako, umeze nikuone."

Akakitoa, akameza bila maji. Vero akachukua chake, akameza. Ndipo mdogo wangu, kwa akili yake aliyopewa na Mungu, akasema: "Kesho uje tena umeze mbele yangu. Na keshokutwa. Siku usiyokuja, mimi simezi. Siku moja ukweli, siku kumi uongo, sikuamini tena kwa mdomo mtupu."

Kwa hiyo mtu ambaye sikutaka kumwona hata mgongo nikawa namfungulia geti kila asubuhi. Alikuja saa moja, alikaa kwenye kigoda, walimeza, walizungumza habari za kuku, aliondoka. Simsalimii, hanisalimii. Habari za kliniki zilienea, maana benchi zima lilisikia. Wateja wakapungua, mlango wa kijani ukaanza kufungwa mchana. Iliendelea hivyo mvua zote, mpaka mwana wa Dokta, naye anaishi Chunya, alipokuja kumchukua wakaishi wote huko, na kufikia hapo Vero alikuwa amezoea, anameza mwenyewe huku anatukana kuku. Nasikia huko Chunya anauza tumbaku ya kunusa. Ni afadhali.

Lakini kabla hajahama ilikuwepo asubuhi moja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, udongo umekuwa ugali. Saa moja ikapita. Saa mbili. Vero ameketi na kidonge kiganjani, kimeanza kulainika kwa jasho.

"Meza, Vero. Mvua hii."

"Hajaja."

Nilijifunga khanga kichwani nikavuka. Nilimkuta chumbani nyuma ya duka, amelala, uso kama majivu, homa. Kwenye kamba koti jeupe limetundikwa, limejaa ukungu.

"Niache leo, Mama Neema. Nimechoka."

"Mimi pia nimechoka. Nimechoka na wewe tangu nikujue. Amka."

Akajaribu kunyanyuka kwa haraka, nikamsukuma kifuani nikamrudisha. "Kaa kwanza. Teremsha miguu. Ngoja. Sasa simama." Nikahesabu kimoyomoyo, bila saa. Nikamtia bega chini ya kwapa, mtu mrefu hana uzito, tukatoka kwenye matope. Majirani wakasimama milangoni kututazama, Mama Neema na Dokta wamekumbatiana kama maarusi. Mmoja akapiga kigelegele. Nilimwambia nitamkumbuka.

Vero alikuwa ameshasimama mlangoni anatungoja, hogo lake kifuani. Alipotuona akacheka mpaka akashika mlango.

"Dada! Umemleta!"

"Nimekuletea mdomo wake," nikamwambia. "Mwenyewe simtaki. Mezeni upesi nimrudishe."